Adui Asiyekunjuka

Mwanangu ana mchezo mpya kwenye ile mashine yao ya televisheni, na mchezo huo umeninyima raha wiki nzima. Si kelele, kelele nimezizoea. Ni kwamba kila kitu ndani yake ni karatasi. Watu ni karatasi, miti ni karatasi, hata mto ni karatasi iliyokunjwakunjwa. Adui akitokea hapigwi ovyo. Kwanza ufumbue fumbo, upange hiki na kile, ndipo upate nafasi ya kumshinda. Jumapili nilipita na sinia ya vikombe, nikasimama nyuma ya kochi kutazama kidogo tu, na chai ikapoa mikononi mwangu.

"Mama, unataka kujaribu?" Ryan akauliza bila kugeuka.

"Huo mchezo niliucheza kabla hujazaliwa."

"Aa, Mama! Mchezo wenyewe umetoka juzi."

"Niliucheza kwetu, huko karibu na Birongo, na stima hatukuwa nayo."

Akacheka mpaka mtu wake wa karatasi akauawa, kisha akanilaumu mimi. Nikaenda zangu jikoni. Sufuria ya ugali wa mchana ilikuwa imelowekwa, ukoko umelainika, na ile harufu ya unga uliolala majini ikanipanda puani. Nikachovya kidole, nikasugua kwenye kidole gumba kuona kama inanata. Inanata bado. Mtu mzima mimi, mwenye mafaili ya ofisini ya kumaliza, nimesimama nachezea ukoko, na moyo unanienda mbio kana kwamba nimechelewa mahali.

Kaka yangu Makori alinizidi miaka minne. Siku moja alifuatana na baba hadi Kisii mjini kununua misumari ya bati katika duka la familia moja ya Kihindi, na baba alipokuwa anabishania urefu wa misumari, Makori akachungulia mlango wa nyuma. Mtoto wa mwenye duka alikuwa amekaa sakafuni mbele ya televisheni, ameshika kidude chenye vitufe, na mle kwenye kioo kulikuwa na kijitu kinachokimbia na kuruka mashimo. Bibi wa nyumba hiyo alimwona kaka yangu ameganda mlangoni, akamsogezea kigoda kwa mguu. "Kaa, toto, utachoka bure." Akakaa. Sijui alikaa dakika ngapi, maana kila alipohadithia ziliongezeka.

Alirudi nyumbani hajijui hajitambui. Hata chakula alikula akiwa amesimama.

"Moraa, kile kijitu kinakutii. Ukitaka kiruke, kinaruka."

"Kinasikia?"

"Hakisikii. Kinafuata kidole."

Mimi nikaamini kuna watu wadogo wanaofugwa masandukuni, na kwamba nyavu za madirisha ya duka lile ziliwekwa ili wasitoroke. Niliamini hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Juma hilohilo Makori akapata katoni ya sabuni kwa mjomba wetu mwenye duka Masimba. Akakata dirisha upande mmoja, akapitisha fito mbili, moja kulia na moja kushoto, kisha tukabandika kurasa za madaftari ya zamani, moja baada ya nyingine, mpaka tukapata utepe mrefu kama kitambaa cha fundi. Gundi yetu ilikuwa ugali wa jana uliopondwa na maji. Utepe ule ulizungushwa kwenye zile fito, na ukizungusha fito ya kulia, njia inatembea: kwanza boma letu, halafu migomba, kituo cha kuuzia chai, kanisa, soko la Birongo, na kuendelea kuelekea mjini. Mwisho wa safari ungekuwa duka lile lenye misumari. Shujaa wetu tulimkata kwenye mfuko wa simenti, kwa sababu ile ni karatasi isiyochanika kirahisi, tukamwita Nyakaratasi. Alisimama juu ya kijiti, mimi namwendesha, Makori anazungusha fito na kutoa milio kwa mdomo.

Lakini uhondo wenyewe ulikuwa maadui. Makori alijua kukunja karatasi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na hakuna aliyemfundisha. Kila adui alikunjwa kwa namna yake, ncha zimefichwa, masikio yameingia ndani ya mgongo, na humshindi kwa kumpiga. Unamshinda kwa kumkunjua bila kumchana. Makori anahesabu hadi thelathini huku akigonga kopo, na ukichana, maharagwe yako yanapungua moja. Maharagwe matatu ndiyo uhai wako. Ukifaulu, ndani ya adui unakuta kipande cha njia kilichochorwa, mnakibandika kwenye utepe, na safari inasonga mbele.

Mbuzi ndiye alikuwa wa kwanza, kwa sababu mbuzi wa Nyanya alikuwa amewahi kula daftari langu la hesabu. Ukianza na kichwa umekwisha. Ilibidi uanze na miguu ya nyuma. Mvua ilikuwa vipande virefu vilivyosukwa kama nywele. Mkasi ulikuwa karatasi mbili zilizoshikana, na ukivuta zinakazana, mpaka siku niliyokasirika nikazisukuma pamoja zikaachana zenyewe. Wee! Nilikimbia kuzunguka nyumba mara mbili. Mama akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Sabato tulikuwa hatuchezi. Ijumaa jua likishuka Mama aliufungia mkasi wetu wa chuma kwenye kabati na katoni ikasukumwa chini ya meza, na Jumamosi yote nilikaa kanisani nikipiga benchi kwa visigino mpaka Nyanya anishike goti. Sikuzaliwa na subira. Makori alikuwa akiniambia, "Wewe ukiwekewa chai utakunywa maji kabla hayajachemka."

Adui wa mwisho alimkunja mwishoni mwa Novemba, shule zikiwa zimefungwa. Alimkunja kwa karatasi nyekundu ya pakiti ya majani ya chai, akakaa naye nyuma ya choo mchana kutwa hataki nimwone. Alipomleta alikuwa mdogo kama yai, mwekundu, pembe kila upande, na huoni mahali pa kutia ukucha.

"Huyu ni Moto," akasema. "Ndani yake kuna duka. Ukimkunjua tumefika."

"Hesabu basi!"

"Hapana. Huyu nakuachia. Tutammaliza nikitoka."

Kutoka kwenyewe ni kutoka jandoni. Disemba hiyo ilikuwa zamu yake. Kwetu wavulana wakishatahiriwa hukaa ndani wiki kadhaa, na Makori na wenzake wawili waliwekwa katika saiga ya Nyakundi, ile nyumba ndogo ya mvulana nyuma ya migomba. Nyakundi ni mtoto wa baba mkubwa, alikuwa ameshapita huko zamani, na ndiye aliyewekwa kuwaangalia. Wakaizungushia uzio wa matete na magunia. Wasichana marufuku kusogea, marufuku kuchungulia, marufuku kusemezana nao. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kila alasiri kupeleka kuni kavu, kuziweka kwenye uzio, na kuondoka bila kugeuza shingo.

Asubuhi waliyoingia, Nyanya aliniketisha karibu naye akichambua mboga.

"Mule ndani wamewasha moto," akaniambia. "Moto huo haulali mpaka siku wanatoka. Ukizima ni mambo mabaya. Kwa hiyo kuni zako, Moraa, si mchezo."

"Mambo gani?"

"Mabaya."

"Na akitoka tutacheza?"

Nyanya akaweka kisu chini. "Akitoka ni mwanamume. Utampa heshima yake. Usianze kumvuta shati na makaratasi yako."

Haya, mwambie mtoto wa miaka tisa moto usizime, halafu usimwambie kwa nini. Nilijitafutia jibu mwenyewe, na jibu nililipata ndani ya katoni. Kule ndani Makori hakuwa na maharagwe matatu. Alikuwa na moja, nalo ni ule moto. Moto ukizima, kaka yangu amekwisha.

Kuanzia siku hiyo sikutulia. Nikiwa kwenye chai na Mama tunachuma, kila mara macho yananitoka kwenda kwenye migomba kutafuta moshi. Nikiuona navuta pumzi. Upepo ukiutawanya nasimama juu ya vidole. "Huyu mtoto ana nini?" Mama aliuliza. "Chuma majani, mbingu haziendi popote." Na nikirudi nyumbani namtoa yule adui mwekundu mfukoni mwa gauni na kuanza kumgeuza. Nilijaribu kucha, nikajaribu mwiba wa mlimau, nikamshikilia juu ya mvuke wa uji mpaka nikaungua. Hakuachia hata ncha moja. Nilijiambia kwamba Makori akitoka anikute nimeshafaulu, na duka nimelibandika, hataweza kukataa kuja kuliona. Uwe mwanamume usiwe, nani atakataa kuona Nyakaratasi akiingia mjini? Hilo ndilo lilikuwa tegemeo langu lote.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Ijumaa kuni zilikuwa za siku mbili, maana Sabato hatuokoti. Mama alinituma mapema, nami nilizikusanya kweli, mzigo mkubwa, nikauweka karibu na banda la ng'ombe. Nikasema nijaribu adui wangu kidogo tu kabla sijaupeleka. Nikaingia chini ya meza na yule Moto. Nilikuwa nimegundua, au nilidhani nimegundua, kwamba pembe moja ni laini kuliko nyingine. Mvua ya kwetu mnaijua, haina hodi. Niliposikia bati zinapiga kelele nilikuwa bado nasugua ile pembe, nikasema itapita. Haikupita. Nilipotoka, kuni zangu zilikuwa zinaelea.

Nikatazama migombani. Hakuna moshi.

Nilingoja. Nilihesabu thelathini, nikahesabu tena, mvua ikapungua ikawa manyunyu, na bado hakuna hata uzi wa moshi. Mama alikuwa amekwenda kwa jirani, Nyanya amelala, na jua lilikuwa linashuka kuelekea Sabato. Sikuwaza mengi. Katika nyumba yote kitu kikavu kilichokuwa changu kilikuwa kimoja.

Niliivuta katoni kutoka chini ya meza, nikaitupia kaniki ya Mama na kukimbia nayo. Niliteleza mara moja, nikaanguka kwa magoti nikiwa nimeiinua juu isiguse tope. Kwenye uzio nikasimama. Ningeweza kumwita. Makori alikuwa hapo, hatua kumi, nyuma ya matete. Lakini msichana hasemezani nao, na niliogopa nikisema jina lake nitaharibu zaidi. Nikasikia Nyakundi anakohoa karibu, nikairusha katoni juu ya uzio na kila kilichokuwemo: utepe wote, boma letu, kanisa, soko la Birongo, Nyakaratasi na kijiti chake. Mwisho nikatoa yule mwekundu mfukoni. Namkumbuka alivyokuwa mkononi, ana joto la mwili wangu. Naye nikamrusha.

"Chomeni zote!" nikapiga kelele. "Zote! Sizitaki!"

Hilo la mwisho sijui lilitoka wapi. Nadhani nilitaka Nyakundi asisite, asije akasema hiki ni kitu cha mtoto turudishe. Nikakimbia hadi bandani, nikasimama na ng'ombe, nikatazama. Baada ya kitambo moshi ukapanda juu ya migomba, mweusi mwanzoni, kisha mweupe. Nililia kwa furaha, haki ya Mungu. Nililia pia kwa uchungu, lakini furaha ndiyo ilitangulia. Nilikuwa nimemwokoa kaka yangu, na hakuna mtu niliyemwambia, maana ningemwambia ningelazimika kueleza habari ya kuni.

Walitoka siku chache kabla ya mwaka mpya. Makori alikuwa amepakwa mafuta, amevaa shati jipya na suruali ndefu, na wanawake wanaimba mpaka kuku wamepanda juu ya paa. Alikuwa amenenepa. Alipofika kwangu akanipa mkono, mkono kabisa, kama mgeni wa kanisani.

"Hujambo, Moraa?"

"Sijambo."

"Shule mnafungua lini?"

Shule yetu ilikuwa moja! Tulikuwa tunakwenda pamoja kila asubuhi! Nikajibu kwamba sijui. Aliingia sebuleni akakaribishwa kiti, na nakumbuka vizuri kwamba kabla ya kukaa aliinama akatazama chini ya meza. Mahali pa katoni palikuwa patupu, Mama ameshaweka debe la mahindi. Mimi nilidhani anatafuta kigoda. Akakaa, nami nikamheshimu kama Nyanya alivyoniagiza. Tangu siku hiyo alilala kwenye saiga, alikula na wanaume, na jikoni hakuingia tena. Tulikua hivyo. Hatukugombana hata mara moja, na hilo ndilo jambo la kusikitisha, maana watu wanaogombana husemezana.

Sasa ana duka lake la vifaa vya ujenzi Suneka, ana mke na watoto, na mimi niko Nairobi. Tunapigiana simu kukiwa na msiba au harusi. Kwa hiyo Jumapili ile, nikiwa na kidole chenye ukoko wa ugali, nilipompigia bila sababu aliitika kwa hofu.

"Moraa? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka kukuuliza kitu cha kipumbavu."

"Uliza."

"Yule adui mwekundu. Moto. Alikuwa anafunguliwa wapi?"

Nilisikia mtu anashusha mabati upande wake. Nilidhani amesahau, nikaanza kumwelezea pakiti ya chai, akanikata.

"Alikuwa hafunguliwi," akasema. "Nilimbandika. Ugali pande zote, ndani na nje, nikamwanika juani."

"Makori! Niliungua vidole!"

"Ningefanyaje? Wewe nakujua, huna subira. Ungemfungua siku ya kwanza, ukamaliza safari bila mimi. Nilitaka nikitoka nikukute bado unahangaika naye, ndipo nikuoneshe nimembandika. Ungenipiga, halafu ningekunja mwingine."

Nilikaa kwenye gunia la viazi. Nikamwambia habari ya kuni, mvua, na harage lake moja. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, kama mtoto aliyekamatwa. Aliponijibu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Moto haukuwa umezima, Moraa. Tulikuwa na makaa ya kutosha kuchoma ng'ombe. Nyakundi aliufunika kwa jivu, kwa sababu paa lilikuwa linavuja."

"Na moshi niliouona?"

"Moshi ulikuwa wa katoni. Nyakundi aliingia nayo akaniambia, dada yako amesema uzichome, hazitaki tena. Wenzangu wakacheka. Nikajua nyumbani wamekwisha kukuambia kwamba mimi si mwenzako. Basi nikazichoma mwenyewe, moja moja, nisionekane mtoto. Nilipotoka nikaangalia chini ya meza. Nikaona debe la mahindi. Nikasema, haya, ni kweli."

Mimi nilikuwa nalia, na sikutaka asikie, na nadhani alisikia. Miaka yote ile, kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze, na kila mmoja akimheshimu mwenzake vizuri kabisa.

Ryan akatokea mlangoni na kidude chake mkononi. "Mama, huyu adui amenishinda. Njoo uone."

"Ngoja," nikamwambia. Kisha nikaweka simu sikioni tena. "Makori, unakumbuka kukunja?"

"Sijakunja tangu siku hiyo."

"Hujanijibu."

Nikasikia droo inavutwa, na karatasi zinapanguliwa, na yule mtu wa mabati akiambiwa asubiri kidogo nje.

"Ninayo moja nyekundu hapa," kaka yangu akasema. "Usikate simu. Natafuta miwani."